Kichupa kimoja, dawa mbili: tunayoyashikilia tunapochoma amoksilini-klavulanati na piperasilini-tazobaktamu

Kichupa cha amoksilini-klavulanati cha gramu 1.2 kina dawa mbili: gramu 1 ya amoksilini na miligramu 200 za klavulanati. Inayoua bakteria ni amoksilini. Klavulanati yenyewe haiui kitu cha maana. Imewekwa pale iwe ngao. Bakteria wengi hutengeneza kimeng'enya kiitwacho beta-laktamesi, ambacho huivunja penisilini kabla haijafanya kazi, na klavulanati hukinasa kimeng'enya hicho kikabaki hakina nguvu. Abraham na Chain walikieleza kimeng'enya cha namna hiyo mwaka 1940, penisilini ikiwa bado haijawafikia wagonjwa wengi. Mseto wa amoksilini na klavulanati ulianza kuuzwa Uingereza mwaka 1981. Piperasilini-tazobaktamu imetengenezwa kwa mantiki hiyohiyo: kichupa cha gramu 4.5 kina gramu 4 za piperasilini na nusu gramu ya tazobaktamu.

Sisi tunaochanganya na kuchoma dawa hizi kila siku tumejifunza kwamba dawa iliyochaguliwa vizuri inaweza kuharibika mikononi mwetu, katika ule muda mfupi kati ya kung'oa kifuniko cha kichupa na tone la mwisho kuingia mshipani. Daktari ameandika sawa, famasi imetoa sawa, mgonjwa bado ana homa siku ya tatu, na kila mtu anaanza kuzungumzia usugu. Usugu upo na ni mkubwa. Lakini kabla ya kuwasingizia bakteria, huwa tunarudi kwanza kuangalia maji tuliyochanganyia, saa tuliyoanza, na mpira wa dripu.

Maswali kabla ya kufungua kichupa

Swali la mzio tunaliuliza kwa majina. Ukimwuliza mgonjwa kama ana aleji ya dawa yoyote, mara nyingi atasema hapana, kwa sababu hajui kwamba dawa aliyoandikiwa kwa jina la biashara ni penisilini. Kwa hiyo tunamtajia moja moja: penisilini, ampisilini, amoksilini, kloksasilini, sindano ya benzathini. Akisema ndiyo, tunauliza kilichotokea na kilichukua muda gani. Kuharisha siku ya tatu si mzio. Vipele vya kuwasha vilivyojaa mwili mzima ndani ya saa moja, midomo kuvimba, kifua kubana au kuzirai, huo ni mzio, na mtu huyo hapewi dawa yoyote kati ya hizi mbili. Ngozi iliyowahi kuchubuka au kutoka malengelenge pamoja na vidonda vya mdomoni na machoni baada ya penisilini, vilevile hapewi, hata kama ilitokea miaka mingi iliyopita.

Kuna swali moja linalosahaulika: je, uliwahi kupata manjano baada ya kutumia amoksilini-klavulanati? Aliyewahi kuipata hairudii dawa hiyo. Ini lake limeshatoa onyo.

Wapo wanaochoma tone la dawa ileile chini ya ngozi ya mkono, wakasubiri dakika kadhaa, pasipovimba wakaona kazi imekwisha. Hatuutegemei mtindo huo. Ngozi kutulia hakuthibitishi kwamba mwili mzima utatulia, na tone lenyewe linaweza kumwangusha mwenye mzio mkali. Vipimo vya mzio vinavyofanywa na wataalamu wake ni jambo jingine kabisa, vina dawa zake na utaratibu wake. Wodini, kinga yetu ni historia iliyoulizwa kwa makini na adrenalini iliyo karibu na kitanda.

Damu ya kuotesha vimelea huchukuliwa kabla ya dozi ya kwanza. Kwa mtu mzima tunachukua seti mbili kutoka sehemu mbili tofauti za mwili, ml 8 hadi 10 kwa kila chupa, kwa sababu ujazo mdogo hukosesha majibu hata bakteria wakiwepo. Dozi moja tu ya antibiotiki inatosha kuifanya chupa isioteshe kitu, na hapo mnabaki kubahatisha wiki nzima. Lakini kama presha imeshuka na mgonjwa yuko kwenye mshtuko wa sepsisi (maambukizi yaliyouvuruga mwili mzima), dawa iingie ndani ya saa moja. Damu ikishindikana kupatikana haraka, dawa haisubiri.

Kuchanganya amoksilini-klavulanati

Hapa ndipo tunataka msomaji atulie. Klavulanati ikishakutana na maji huanza kuvunjika, na huvunjika haraka kuliko amoksilini. Ukiichanganya dawa saa mbili asubuhi ukaichoma saa tatu, umemchoma mgonjwa amoksilini iliyopungukiwa ngao. Rangi haitakuambia, na mgonjwa hatasikia tofauti yoyote. Bakteria wenye beta-laktamesi ndio watakaojua. Ndiyo maana maelekezo yanasema dawa iliyoyeyushwa ichomwe ndani ya dakika 20.

Dakika hizo 20 zinabadilisha mpangilio mzima wa kazi. Hatuchanganyi vichupa vya wagonjwa sita kwa pamoja mezani kisha tukazunguka na trei. Kanula, kile kimrija kilicho mshipani, inakaguliwa kwanza: inapitisha? inauma? imevimba? Ikiwa inahitaji kubadilishwa, inabadilishwa kichupa kikiwa bado kimefungwa. Mgonjwa aliyekwenda kupigwa picha anasubiriwa arudi. Hapo ndipo unga unapowekwa maji, kando ya kitanda au hatua chache tu kutoka hapo, kwa mgonjwa mmoja baada ya mwingine.

Mpira wa kichupa tunaupangusa kwa spiriti ya 70% na kuuacha ukauke wenyewe, kama nusu dakika. Kuupuliza kwa mdomo ni kurudisha uchafu. Kichupa cha gramu 1.2 kinahitaji ml 20 za maji ya sindano, na cha miligramu 600 kinahitaji ml 10. Vichupa vya maji vingi ni vya ml 10, na kosa linalojirudia ni kuweka kimoja tu kwenye gramu 1.2. Dawa huyeyuka, ndiyo, lakini inakuwa nzito maradufu, na mshipa ndio unaolipa: unauma, unakuwa mwekundu, na kesho yake kanula haifai. Wakati wa kuyeyuka huenda rangi ya waridi hafifu ikajitokeza kisha ikapotea. Hiyo ni kawaida. Dawa iliyo tayari huwa haina rangi au ina unjano mdogo wa majani makavu. Ikiwa na ukungu au vijipunje, inatupwa. Na kichupa ambacho unga wake umegandamana au umegeuka rangi kabla hata ya kuwekwa maji hatukijaribu, unyevu umeshaingia.

Kutoka hapo kuna njia mbili. Unaweza kuichoma taratibu mshipani kwa dakika 3 hadi 4, na tunasisitiza kuangalia saa, kwa sababu dakika tatu mkononi mwa mtu mwenye haraka huwa sekunde arobaini. Au unaihamishia mara moja kwenye ml 100 za maji ya chumvi ya 0.9% na kuiingiza kwa dakika 30 hadi 40. Watoto wachanga walio chini ya miezi mitatu wanapewa kwa dripu tu. Haichomwi kwenye msuli. Na haiwekwi kwenye maji ya glukosi: klavulanati huharibika humo haraka zaidi. Bikaboneti, damu na mafuta ya lishe ya mshipani navyo havichanganywi nayo.

Kilichobaki kwenye kichupa kinatupwa. Tunajua inauma. Mtoto wa kilo 8 anahitaji miligramu 240 tu, na zilizobaki zinaonekana kama dozi nzima ya saa nane zijazo. Watu huzifunga kwa plasta, wakaandika jina na kuziweka kwenye friji. Dozi hiyo ya pili si dawa ileile tena. Suluhisho ni kuagiza vichupa vya miligramu 600 kwa ajili ya wodi ya watoto.

Piperasilini-tazobaktamu ina tabia yake

Mseto huu ni mvumilivu zaidi kwenye muda na msumbufu zaidi kwenye kuyeyuka. Kichupa cha gramu 4.5 huwekwa ml 20 za maji ya sindano au maji ya chumvi, kisha huzungushwa taratibu kwa viganja mpaka kiwe angavu. Inaweza kuchukua dakika 5 hadi 10. Ukikitikisa kwa nguvu unapata povu, na povu linakudanganya unapovuta dawa. Kisha inaingia kwenye ml 50 hadi 150 za maji ya chumvi au glukosi ya 5% na kupitishwa kwa dakika 30. Ringa lakteti haitumiki isipokuwa karatasi ya mtengenezaji wa kichupa ulichoshika imeruhusu wazi, maana viwanda hutofautiana.

Kwa sababu inavumilia kukaa kwenye maji, vituo vingi huipitisha polepole kwa saa nne baada ya dozi ya kwanza ya nusu saa. Penisilini huua vizuri zaidi pale kiwango chake kwenye damu kinapobaki juu ya kile kinachohitajika kwa muda mrefu. Kilele kirefu cha muda mfupi hakiongezi sana. Amoksilini-klavulanati huwezi kuifanyia hivyo.

Unga wenyewe huchukua nafasi, na kwa watoto jambo hili si dogo. Ukiweka ml 20 kwenye gramu 4.5 hupati ml 20. Unapata karibu ml 23. Chukua mtoto wa miaka miwili mwenye kilo 12 na maambukizi ya tumboni, anayepewa miligramu 112.5 za mseto kwa kila kilo: dozi ni miligramu 1350. Anayedhani ana ml 20 atavuta ml 6. Dozi halisi iko kwenye ml 6.9. Mtoto amepunjwa zaidi ya sehemu ya kumi ya dawa yake, kila dozi, mara tatu kwa siku. Dawa yote ivutwe kwanza kwenye bomba la sindano, ujazo usomwe, ndipo hesabu ifanyike. Na hesabu ianze kwa kuuliza: dozi iliyoandikwa ni ya piperasilini peke yake au ya mseto? Miligramu 100 za piperasilini na miligramu 112.5 za mseto ni kitu kimoja, lakini cheti kisiposema, mtu wa zamu ya usiku atachagua mwenyewe.

Mpira wa dripu na dawa za jirani

Dripu ikiisha, mpira bado umejaa dawa. Mpira wa kawaida unaweza kubeba ml 20 hivi. Kwa dripu ya ml 100 hiyo ni karibu sehemu ya sita ya dozi. Kwa ya ml 50 ni zaidi ya robo. Akija mtu akaung'oa na kuutupa, dawa hiyo imekwenda kwenye ndoo ya taka. Tunafuatisha ml 20 au zaidi za maji ya chumvi kwa mwendo uleule mpaka mpira uwe msafi. Kosa hili ni jepesi kurekebisha kuliko yote, na ndilo tunalolikuta mara nyingi zaidi.

Jentamaisini, antibiotiki ya kundi jingine, na penisilini hazikai kwenye bomba moja wala dripu moja. Penisilini huizima jentamaisini. Zinaweza kutibu pamoja mwilini, zikipishana kwa njia ya mshipa iliyosafishwa katikati. Vankomaisini, antibiotiki nyingine, ikienda sambamba na piperasilini-tazobaktamu, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo) huelekea kupanda, kwa hiyo figo hupimwa kila siku au kila baada ya siku moja, na mseto huo wa dawa hukatwa mara majibu ya kuotesha yanaporuhusu. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, apimwe kuganda kwa damu mapema, maana damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. Anayetumia methotreksati, dawa ya saratani na baridi yabisi, mweleze daktari wake kabla ya dozi ya kwanza, kwa sababu penisilini hupunguza utoaji wake mwilini.

Metronidazoli, dawa ya bakteria wasiohitaji hewa, tunaiona ikiongezwa karibu kila penye neno "tumbo". Miseto hii yote miwili tayari inawaua bakteria hao. Kuongeza metronidazoli kunaongeza kichefuchefu, dripu na gharama, bila faida kwa wagonjwa wengi. Ina nafasi yake pale panapoonekana amiba au Clostridioides difficile, bakteria wa utumbo anayeleta kuharisha baada ya antibiotiki.

"Mara tatu kwa siku" na figo zinazochoka

Kila baada ya saa nane ni kila baada ya saa nane. Ratiba ya saa 2 asubuhi, saa 8 mchana na saa 2 usiku ina dozi tatu, lakini ina shimo la saa kumi na mbili usiku kucha, na huko ndiko bakteria wanakopumua. Saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku inatosha kabisa na haimwamshi mgonjwa usiku wa manane. Amoksilini-klavulanati ya mtu mzima kwa kawaida ni gramu 1.2 kila saa nane. Mtoto wa kuanzia miezi mitatu asiyefika kilo 40 hupewa miligramu 30 za mseto kwa kila kilo kila saa nane, na aliye chini ya miezi mitatu au chini ya kilo 4 kila saa kumi na mbili. Piperasilini-tazobaktamu ya mtu mzima ni gramu 4.5 kila saa nane. Kwa nimonia kali iliyopatikana hospitalini au homa ya mwenye chembe nyeupe chache sana, kila saa sita.

Figo ndizo zinazoitoa penisilini, na kreatinini peke yake hudanganya. Mwanamke wa miaka 72 mwenye kilo 50 na kreatinini ya mikromoli 180 haonekani kuwa na hali mbaya sana kwenye karatasi. Fanya hesabu: 140 toa 72 ni 68, zidisha kwa 50, kisha kwa 1.04, gawanya kwa 180. Unapata chini kidogo ya ml 20 kwa dakika, yaani kasi ambayo figo zake zinasafisha damu. Huyu hapewi gramu 1.2 kila saa nane. Kati ya ml 10 na 30 anaanza na gramu 1.2, kisha miligramu 600 kila saa kumi na mbili; chini ya 10, miligramu 600 kila saa ishirini na nne. Kwa piperasilini-tazobaktamu, kati ya 20 na 40 haipiti gramu 4.5 kila saa nane, na chini ya 20 haipiti kila saa kumi na mbili. Kwa mwanamume tunazidisha kwa 1.23 badala ya 1.04.

Asiyepunguziwa dozi, dawa hurundikana, na penisilini ikirundikana huleta kuchanganyikiwa, misuli kurukaruka na hata degedege. Ila dozi ya kwanza haipunguzwi kamwe. Dozi hiyo inajaza mwili. Figo hazina neno juu yake. Na figo zilizoporomoka kwa sababu ya sepsisi mara nyingi huanza kurudi ndani ya siku mbili, kwa hiyo dozi iliyopunguzwa Jumatatu ihesabiwe upya Jumatano.

Kwa mwenye moyo dhaifu, hesabu chumvi. Kichupa cha gramu 4.5 kina sodiamu milimoli 11 na ushee. Ml 100 za maji ya chumvi zinaongeza nyingine 15. Dozi nne kwa siku zinazidi milimoli 100 kabla hajala chochote. Miguu ikivimba na pumzi ikikata siku ya tatu, angalia hapo. Potasiamu nayo hushuka, hasa kwa anayetumia dawa za kukojoza.

Mahali ambapo ngao haisaidii

Bakteria aitwaye stafilokokasi, akiwa sugu kwa methisilini (penisilini nyingine), hategemei beta-laktamesi kujiokoa. Amebadilisha protini ambayo penisilini huishika, kwa hiyo kuzima kimeng'enya hakumgusi. Bakteria aitwaye maikoplasma hana hata ukuta ambao penisilini huushambulia. Bakteria aitwaye sudomonasi haguswi na amoksilini-klavulanati, ingawa piperasilini-tazobaktamu imetengenezwa ikimlenga. Virusi havihusiki kabisa. Na kijana mwenye koo lililovimba kwa virusi vya Epstein-Barr akipewa amoksilini huota upele mwili mzima, akabandikwa jina la mzio asiokuwa nao maisha yake yote.

Kuna mtego mwingine. Maabara inaweza kuandika kwamba bakteria kama E. coli au Klebsiella, aliye sugu kwa antibiotiki ya seftriaksoni, "anasikia" piperasilini-tazobaktamu, yaani dawa hiyo inamweza. Utafiti wa MERINO uliochapishwa mwaka 2018 uliwaangalia wagonjwa wa namna hiyo waliokuwa na bakteria kwenye damu: ndani ya siku 30 walifariki 12.3% ya waliopewa piperasilini-tazobaktamu, na 3.7% ya waliopewa antibiotiki ya meropenemu. Tangu hapo, bakteria huyo akiwa kwenye damu, neno "anasikia" kwenye karatasi hatulichukui kama ruhusa.

Shirika la Afya Duniani limeweka amoksilini-klavulanati kwenye kundi la dawa zinazopaswa kupatikana kwa urahisi, na piperasilini-tazobaktamu kwenye kundi la kuangaliwa kwa tahadhari. Kwa hiyo nimonia ya kawaida au jipu la ngozi halianzi na piperasilini-tazobaktamu kwa sababu tu "ni kali". Shirika hilo pia lina orodha ya michanganyiko lisiyoipendekeza, iliyounganishwa viwandani bila ushahidi wa faida. Mtu akiletewa kichupa chenye antibiotiki mbili asizozijua, aulize kwanza kwa nini ziko pamoja.

Wajawazito waliopasuka chupa kabla ya wakati hawapewi amoksilini-klavulanati kama kinga. Utafiti wa ORACLE wa mwaka 2001 uliihusisha na kuoza kwa utumbo wa watoto wachanga.

Dozi inapoingia, na baada yake

Dozi ya kwanza hatuiachi peke yake. Dakika 15 za mwanzo mtu anakuwa karibu, na mgonjwa ameambiwa aseme mara moja akihisi kuwashwa viganja, koo kubana au kizunguzungu. Ikitokea, dawa inafungwa na mpira wote unaondolewa kwenye kanula. Ukiufuatishia maji ya chumvi kupitia mpira uleule unamsukumia zile ml 20 za dawa iliyobaki. Kanula inabaki, utaihitaji. Adrenalini ya miligramu 1 kwa ml 1 inachomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati: nusu ml kwa mtu mzima na aliyezidi miaka 12, ml 0.3 kwa miaka 6 hadi 12, ml 0.15 kwa aliye chini ya miaka 6. Mgonjwa alazwe chali miguu ikiinuliwa, isipokuwa kama anashindwa kupumua, asisimamishwe. Baada ya dakika 5, kama hajatulia, inarudiwa. Haidrokotisoni na dawa za mzio zinakuja baadaye. Hakuna inayochukua nafasi ya adrenalini.

Kanula inakaguliwa kila zamu kwa jicho na kwa kidole. Wekundu, uchungu, au mshipa ulio mgumu kama kamba chini ya ngozi: itolewe, hata kama bado inapitisha. Mwenye mpira wa mkojo anayepata amoksilini nyingi aangaliwe kama unapitisha vizuri, maana dawa inaweza kuganda chembechembe kwenye mkojo. Anywe maji ya kutosha.

Saa 48 hadi 72 baada ya kuanza, kuna kikao kifupi kando ya kitanda. Majibu ya kuotesha yamerudi? Homa iko chini ya 38 kwa siku nzima? Anakula na haharishi wala kutapika? Presha imetulia? Kama ni ndiyo, wagonjwa wengi wanahamia vidonge, isipokuwa wenye homa ya uti wa mgongo, maambukizi ya vali za moyo, stafilokokasi kwenye damu, na wengine wa aina hiyo. Kidonge cha 625 kina miligramu 500 za amoksilini na 125 za klavulanati. Vidonge viwili vya 375 si sawa na kimoja cha 625: vina klavulanati maradufu, na tumbo litaharisha. Anayebaki kwenye piperasilini-tazobaktamu zaidi ya siku kumi apimwe chembe nyeupe za damu, kwa sababu zinaweza kushuka. Na homa mpya wakati huo kwa mtu aliyekuwa akiendelea vizuri inaweza kuwa ya dawa yenyewe.

Anayeharisha maji mara tatu au zaidi kwa siku, hasa na tumbo kuuma, asipewe loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha, kienyeji. Apimwe Clostridioides difficile, hata kama alishamaliza dozi wiki kadhaa nyuma.

Karatasi ya kuruhusiwa iandike jina halisi la dawa, siku alizopewa na kama ilimletea shida yoyote. Kwa aliyetumia amoksilini-klavulanati, hasa mwanamume au aliyezidi miaka 65, tunaongeza mstari mmoja kwa mkono: macho yakiwa ya manjano, mkojo ukiwa kama chai ya rangi, au mwili ukiwasha bila upele, arudi akapimwe ini, hata kama wiki kadhaa zimepita tangu dozi ya mwisho.